Hela inakatwa kidogo kidogo: dalili, chanzo na namna ya kuyakomesha makato

Huduma za kulipia kila siku, kila wiki au kila mwezi huumiza polepole kwa sababu kila moja peke yake ni ndogo. Shilingi 150 kwa siku haimshtui mtu wa Dar. Haifiki hata nauli ya daladala. Kwa mwaka ni shilingi 54,750. Zikiwa tatu za namna hiyo, mwaka unaisha na shilingi 164,250 zimekwenda bila wewe kukumbuka ulinunua nini.

Ninachokiona mara nyingi ni watu kuanza kukata kabla hawajajua hela inatokea wapi. Mmoja anafuta programu kwenye simu, kumbe makato yanapitia kadi ya benki. Mwingine anatupa laini nzima, anapoteza namba inayojulikana na wateja wake wote, kumbe tatizo lilikuwa deni la salio alilokopa. Hela ina njia nne za kutoka: vocha, pesa iliyo kwenye simu (M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa), kadi au akaunti ya benki, na ile unayolipa kwa mkono wako kama king'amuzi na umeme. Unajitoa kulekule ulikojiungia. Kwa hiyo tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, uanzie hapo.

Unaweka vocha, salio linayeyuka hata hujapiga simu

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na lina vyanzo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Vitenganishe kwa jaribio moja. Jioni, ukishamaliza simu zako, zima data. Weka vocha ya shilingi 1,000 kwenye laini unayoishuku, angalia salio palepale, uliandike. Usipige, usitume ujumbe, usiwashe data. Angalia tena asubuhi, na tena mchana.

Kama salio lilipungua palepale ulipoingiza vocha, una deni. Huduma za kukopa salio, kama Nipige Tafu ya Vodacom na zinazofanana nayo kwenye mitandao mingine, hukata mkopo pamoja na ada yake pale tu vocha inapoingia. Hapo hakuna wizi wala hakuna cha kujitoa. Ila angalia mwenendo wako: mtu anayekopa salio kila wiki analipa ada ya mkopo kila wiki, na hayo ni makato ya kudumu kama mengine yoyote. Dawa yake ni kulimaliza deni, halafu ununue vocha ya siku mbili mbele ili usifike usiku huna kitu.

Kama salio lilikaa salama usiku kucha data ikiwa imezimwa, lakini likaanza kushuka ulipoiwasha, chanzo ni intaneti nje ya kifurushi. Bando limekwisha au muda wake umepita, simu inaendelea kusasisha programu na kupakua video za magrupu, na bei ya nje ya bando ni kubwa kuliko ya ndani. Kanuni za 2021 za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zinataka mtandao ukutaarifu kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapoisha, na zinakupa nafasi ya kukataa kutozwa nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Ingia kwenye menyu ya vifurushi ya mtandao wako (Vodacom ni \*149\*01#, Yas \*147\*00#, Airtel \*149\*99#, Halotel \*148\*66#), tafuta kipengele cha matumizi nje ya kifurushi, ukizime. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu uzuie programu kujisasisha kwa data ya laini, zisubiri Wi-Fi.

Kama salio limeshuka data ikiwa imezimwa na hujagusa simu, umeunganishwa kwenye huduma ya ujumbe. Ni zile habari za michezo, dondoo za mapenzi, nyota, aya na mahubiri, bahati nasibu za maswali, au wimbo anaosikia mtu anapokupigia. Fungua sehemu ya ujumbe na ushuke chini kabisa. Usiangalie majina ya watu, angalia namba fupi. Nyingi ni za tarakimu tano na huanza na 15. Kwa kawaida ujumbe wake una sehemu mbili: maudhui yenyewe, na mwishoni mstari mdogo unaosema gharama ni kiasi gani kwa siku na neno gani la kutuma ili kujiondoa. Watu wengi wamezoea kufuta ujumbe huo bila kuusoma, kwa hiyo ushahidi wote unakwenda na maji. Usifute tena chochote mpaka umalize kazi hii.

Watu huingizwaje? Mtoto anacheza gemu, tangazo linafunika kioo chote, anabonyeza popote ili lipotee. Au unapokea ujumbe wa maswali na zawadi, unajibu mara moja kwa udadisi. Au kisanduku kinatokea kwenye simu chenyewe, bila kuitwa, kikiwa na kitufe cha kukubali, na wewe ulikuwa unataka tu kukiondoa usonge mbele. Wazee ndio wanaoteseka zaidi na visanduku hivi, kwa sababu simu zao ni za vitufe na maandishi ni madogo. Ukienda kuwasalimia, omba simu uikague.

Kujitoa kwa neno lililoandikwa kwenye ujumbe hufanya kazi kama huduma ni moja. Zikiwa nyingi, usihangaike kutuma neno kwa kila namba, piga 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwenye mitandao yote, useme hivi: "Naomba unitajie huduma zote ambazo namba hii imeunganishwa nazo, na gharama ya kila moja. Kisha niondoe kwenye zote, na unitumie ujumbe wa kuthibitisha." Sema hivyo hivyo, kwa utulivu. Ukisema tu "mnaniibia salio", utapewa maelezo ya jinsi ya kununua kifurushi. Ukishapata uthibitisho, rudia jaribio la usiku mmoja. Salio likikaa, umemaliza.

Wenye laini mbili au tatu, fanyeni jaribio kwa kila laini, hata ile ya akiba inayokaa kwenye simu ya zamani. Piga \*106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usishangae ukikuta ile uliyoisahau. Na kama laini ni mpya kabisa na inakatwa tangu siku ya kwanza, inawezekana namba hiyo ilikuwa ya mtu mwingine kabla yako na huduma zake hazikusafishwa. Hilo 100 wanalimaliza.

Tahadhari moja hapa. Ukianza kulalamika utapigiwa simu na watu wanaojiita huduma kwa wateja, wakikuomba namba ya siri "ili tuondoe makato". Hakuna huduma inayoondolewa kwa namba yako ya siri. Kata simu, na namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Pesa inaingia kwenye simu, inakatwa kabla hujaigusa

Chanzo karibu kila mara ni ile huduma ya kukamilishia muamala salio lisipotosha, kama Songesha ya M-Pesa, au mkopo uliochukua kupitia simu. Deni na ada yake hukatwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Angalia taarifa ya miamala kwenye menyu au kwenye programu ya mtandao wako, utaona mstari wake. Lipa lote kwa mkupuo, halafu jitoe kwenye huduma hiyo kama unaona inakuzoesha kununua vitu ambavyo hela yake huna. Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipia mzigo Kariakoo na kuuza siku hiyohiyo inaweza kuwa na maana. Kwa kununulia bando, hapana.

Kadi ya benki imekatwa na jina hulijui

Jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki mara nyingi ni la kampuni inayopokea malipo, si la huduma unayoijua wewe. Ukiona APPLE.COM/BILL au neno GOOGLE likifuatwa na kitu kingine, makato yamepitia duka la programu, na kila kitu kimeorodheshwa humo. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia malipo na usajili, kisha usajili. Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha mstari ulioandikwa "Subscriptions". Utaona huduma, kiasi, na tarehe ya kukatwa tena. Ukijitoa leo, huduma uliyokwisha lipia huendelea hadi mwisho wa muda wake, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho.

Kufuta programu kwenye simu hakukuondoi kwenye malipo. Google na Apple wote wanalisema hili wazi, na bado ni chanzo kikubwa cha makato yanayoendelea miezi baada ya mtu kuamini kwamba ameshaachana nayo. Jaribio la bure nalo ni vivyo hivyo: uliweka kadi, siku saba zikapita, malipo yakaanza. Kwa Apple unatakiwa ujitoe angalau siku moja kabla jaribio halijaisha. Mimi nashauri siku unapojiunga ndiyo siku unayoweka kengele kwenye kalenda ya simu, siku mbili kabla.

Sasa kuna tatizo la hapa kwetu ambalo miongozo ya nje haiwezi kukuambia. Unafungua orodha hiyo ya usajili na iko tupu, lakini kadi inakatwa. Kumbuka simu ulinunua wapi na nani aliiwasha mara ya kwanza. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo huwashwa na muuzaji au fundi, na ili ikufae haraka anakufungulia akaunti ya barua pepe palepale, kwa jina alilolitunga na neno la siri analolijua yeye. Baadaye ukaongeza akaunti yako mwenyewe. Simu moja, akaunti mbili, na usajili uko kwenye ile usiyoikumbuka. Ndani ya Play Store gusa picha yako tena, utaona orodha ya akaunti zote zilizo kwenye simu; badili moja baada ya nyingine na uangalie usajili wa kila moja. Ukiikuta, jitoe kwanza, toa kadi yako kwenye njia za malipo za akaunti hiyo, ndipo uiondoe akaunti kwenye simu. Ukianza kwa kuiondoa akaunti umejifungia nje, kwa sababu neno la siri huna.

Na kama umewahi kuuza simu au kumpa mdogo wako bila kuifuta kabisa, kagua huko pia.

Kiasi kinachobadilika kila mwezi kina maelezo yake. Huduma nyingi za nje hutozwa kwa dola, kwa hiyo shilingi inapopanda au kushuka makato hufuata, na benki huongeza gharama yake ya kubadili fedha. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni Tanzania zinatakiwa kutoza VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Bara ni asilimia 18. Kabla hujajiunga, fanya hesabu kwa shilingi ukiwa umejumlisha hayo yote. Dola moja inayokatwa siku ya kwanza na kurudi ni ya kuhakikisha kadi inafanya kazi tu, usiwe na wasiwasi nayo.

Kuifunga kadi kuwe hatua ya mwisho, baada ya kujitoa. Kinachofaa zaidi kwa siku zijazo ni kutumia kadi pepe inayotolewa na mitandao ya pesa za simu au benki yako kwa ajili ya malipo ya mtandaoni pekee, ukaiwekea kiasi cha huduma hiyo na si zaidi.

Unalipia nafasi ya kuhifadhi na bado inajaa

Google hutoa GB 15 bure, zinazogawanwa kati ya barua pepe, picha na faili. Apple hutoa GB 5. Zikijaa, barua pepe haziingii, mtu anashtuka, analipia kifurushi cha mwezi, na malipo hayo hayana mwisho kwa sababu takataka hazipungui.

Wengi hawajui kwamba tangu 2024 nakala ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya hizo GB 15. Fikiria magrupu uliyomo: kamati ya harusi, kamati ya msiba, wazazi wa darasa la pili, kikoba, ukoo. Kila sauti ya dakika nane, na kila video ya send-off kama umeruhusu nakala ijumuishe video, inahifadhiwa mara moja kwenye simu na mara nyingine Google. Fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uone grupu gani limekula kiasi gani. Futa video za grupu lililokwisha kazi, bila kufuta mazungumzo. Kisha kwenye mipangilio ya nakala, zima kujumuisha video na uifanye nakala upya. Subiri kidogo, angalia nafasi imerudi kiasi gani, ndipo uamue kama bado unahitaji kulipa.

Usijitoe kabla ya kupunguza. Ukibaki juu ya GB 15 bila kulipa, barua pepe zinakwama, na ukikaa hivyo miaka miwili Google wanaweza kufuta vitu vyako. Na kama kweli mnahitaji nafasi, Google One inaweza kugawanwa na watu wengine watano wa familia. Hakuna haja ya mume na mke kulipia kila mtu chake.

King'amuzi kinamaliza hela na watazamaji hawapo

Hapa uko huru kuliko unavyodhani, kwa sababu ni malipo ya kabla. Usipolipa, chaneli zinafungwa na hakuna deni. Lipia kwa msimu: kifurushi kikubwa wakati ligi inachezwa, kidogo kabisa ligi ikiwa likizo. Kama ndani ya nyumba mna ving'amuzi viwili, kimoja kwa Ligi Kuu yetu na kingine kwa ligi ya Uingereza, kaeni mkubaliane kipi kinaachwa mwezi upi. Badilisha kifurushi kabla ya kulipia, si baada.

Umeme wa kwanza wa mwezi una uniti chache

Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, na miezi uliyoruka bila kununua umeme hujilimbikiza. Soma risiti yenyewe: VAT, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), tozo ya REA (umeme vijijini) na kodi ya jengo kila kimoja kina mstari wake. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji, weka risiti zako na uzungumze na mwenye nyumba kwa heshima kabla ya kulipa kodi ya pango ya miezi sita inayofuata, ili kiasi hicho kipunguzwe.

Kila moja unaijua, jumla huijui

Chukua daftari. Programu za kufuatilia matumizi zipo, lakini nyingi zimetengenezwa kwa nchi ambako kila kitu kinapita kwenye kadi. Haziwezi kuona vocha yako, wala hela ya taka unayompa mkusanyaji mlangoni. Andika huduma, njia inayopitia, tarehe, kiasi, na nani ndani ya nyumba anaitumia. Cha kila siku zidisha kwa 30, cha mwaka gawanya kwa 12, ili vyote viwe kipimo kimoja. Kwa makato ya benki, omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu na uipitie mstari kwa mstari, pamoja na ada ya mwezi ya akaunti na gharama za ujumbe.

Safu ya "nani anaitumia" ndiyo inayofanya kazi kubwa. Pasipo jina, kata leo. Penye majina mawili ya huduma zinazofanana, chagua moja: mwenye intaneti ya waya nyumbani Sinza au Tabata ambaye bado ananunua bando kubwa la mwezi anailipia intaneti mara mbili, wakati bando dogo la njiani lingemtosha. Penye jina la mama au baba kijijini, usikate kimya kimya. King'amuzi unachowalipia ndicho kinachowakutanisha jioni na majirani, na chaneli zikifungwa ghafla watadhani umeishiwa au umekasirika. Piga simu. "Shikamoo mama. Naangalia matumizi yangu, hizi chaneli mnaangalia zipi?" Pengine atakwambia wanaangalia taarifa ya habari na tamthilia moja tu, na kifurushi kidogo kinatosha.

Umejitoa, na bado wanakata

Angalia tarehe. Kama makato ni ya kipindi kilichoanza kabla hujajitoa, hayo ni ya mwisho. Kama ni mapya, rudi kwa aliyekukata kwanza, na safari hii omba namba ya lalamiko. Iandike pamoja na siku na saa. Tuma na picha ya ujumbe wa uthibitisho uliopewa. Wakikuzungusha kwenye makato ya vocha, lalamiko linapelekwa TCRA, nao watakuuliza kama ulianza kwa mtoa huduma, kwa hiyo ile namba ndiyo tiketi yako. Kwa makato ya benki au pesa za simu, ukishindwana na mtoa huduma, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja. Kwa kadi iliyokatwa na kampuni ya nje, nenda tawini mapema ujaze fomu ya kupinga muamala, ukiwa na taarifa ya akaunti uliyoweka alama kwenye kila mstari unaoupinga na picha inayoonyesha siku uliyojitoa. Pinga ukiwa umeshajitoa tayari, maana benki inaweza kukurudishia hela ya mwezi huu na kampuni ikakata tena mwezi ujao.